Kazi za Mikono Zinunuliwazo Sokoni

Mtu akitaka kujua hali ya elimu ya watoto wetu wadogo, asianze kwenda shuleni. Na aende kwanza sokoni. Na aende soko la Majengo hapa Dodoma, au katika mnada wo wote wa vijijini, siku chache kabla ya shule kufungwa. Atawaona akina mama wameinama juu ya fagio, nyungo, vikapu na vitambaa vya meza, wakiuliza bei kwa haraka. Mama mmoja achagua ufagio uliofungwa vizuri; mwenziwe asema, "La, mimi mwanangu ameambiwa kikapu." Ukiwauliza vitu hivi ni vya nini, watakujibu pasipo aibu yo yote, "Ni kazi ya mikono ya mtoto." Wala kwa fahamu zao hawasemi uongo, maana ndivyo walivyoagizwa: mtoto alete kazi ya mikono, naye ataandikiwa alama zake.

Basi twauliza, ni mikono ya nani? Mikono iliyoufunga ufagio ule ni ya mzee mmoja wa kijijini, ambaye alikata majani yake, akayaanika, akayafunga, akatembea nayo mpaka sokoni. Mikono iliyotoa fedha ni ya mama. Mikono ya mtoto haikufanya lo lote ila kuuchukua ufagio njiani mpaka mezani pa mwalimu. Na mwalimu, ambaye ajua vema ya kuwa mtoto wa miaka saba hawezi kufunga ufagio wa namna ile, ashika kalamu na kuandika tisa katika kumi. Hapo watu wazima wawili wamepatana katika neno lisilo kweli, na mtoto amesimama kando akitazama. Hilo ndilo somo alilofundishwa siku ile, na twaogopa kwamba amelishika kuliko masomo yote ya muhula.

Twajua maneno haya yatawaudhi baadhi ya waalimu wenzetu. Hatusemi mashule yote yafanya hivi, wala hatusemi waalimu hao ni watu wabaya. Mwalimu aliyepewa watoto themanini katika chumba kimoja, naye hana uzi wala sindano, akaambiwa kwamba lazima alama za kazi ya mikono zionekane katika daftari, atafanya nini? Ataagiza ufagio. Tena shule yahitaji fagio. Twaelewa sana. Lakini kuelewa sababu ya kosa si kulihalalisha kosa, nasi tumelinyamazia jambo hili muda mrefu mno.

Neno letu ni hili. Kusokota, kusuka, kufuma na kushona na vifundishwe darasani tangu darasa la kwanza, kwa mikono ya mtoto mwenyewe, wavulana na wasichana pamoja. Na kitu cho chote kilichoundwa nyumbani au kununuliwa sokoni kisipewe alama hata moja. Kama shule yahitaji fagio, na iseme wazi kwa wazazi, "Twaomba fagio," nao watazileta. Hiyo ni michango, si masomo.

Yuko atakayesema upesi, "Haya ni mambo ya zamani, mambo ya kuwafunga watoto wetu katika vikapu." Neno hili halifai kupitwa kwa dharau, maana lina historia yake. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita katika nchi za Afrika ya Mashariki, Tanganyika ikiwamo, chini ya Bwana Thomas Jesse Jones. Na pamoja naye alikuwamo Daktari James Aggrey, mzaliwa wa nchi iitwayo leo Ghana. Tume ile ilisema mashule ya Afrika yafundishe mambo yapatanayo na maisha ya watu, yaani kilimo, afya, na kazi za mikono. Mwaka 1925 serikali ya Uingereza nayo ikatoa waraka wake juu ya elimu katika makoloni ya Afrika, wenye shauri la namna hiyo. Watu wengi wakalitilia shaka. Walisema, mtoto wa Mzungu afundishwa hesabu na sheria, na wa kwetu afundishwa kusuka, ili akae pale pale alipo. Hatuwacheki watu wale. Walikuwa wakitazama ni nani aliyeketi ofisini na ni nani aliyesimama nje, na hesabu yao haikuwa mbaya.

Kisha ikaja Machi 1967, Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Yeye hakutaka kazi iwe mahali pa masomo. Alitaka kazi na masomo viungane, mtoto ajue kwa nini alima hivi na si vile, naye ashiriki katika kupanga. Lakini katika mashule mengi jembe lilishikwa na somo likaachwa. Watoto walilima, wakabeba maji, wakafyatua matofali, wasielezwe lo lote. Mpaka leo mtu mzima aliyesoma nyakati zile akisikia neno "kazi" likitajwa pamoja na neno "shule", akumbuka ndoo kichwani na mgongo uliouma.

Basi wazee wetu walipewa kazi isiyo na mafundisho, na watoto wetu sasa wapewa alama zisizo na kazi. Kufundisha mikono kama tufundishavyo kusoma, hatua kwa hatua, mwalimu akiwa amesimama karibu, ni mashule machache sana yaliyojaribu.

Tena wakati wenyewe watudai. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeleta mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, kando ya mkondo wa elimu ya jumla. Twalisifu jambo hilo. Walakini twawauliza walioipokea sera ile kwa makofi: huyo kijana atakayeingia katika amali atakuwa na vidole gani? Kama miaka yote ya shule ya msingi hakufunga fundo, hakukata kwa kipimo, hakuketi na kitu kimoja mpaka kikaisha, ila alinunuliwa ufagio kila mwisho wa muhula, je, atazaliwa mara ya pili siku ya kwanza ya sekondari? Methali ya samaki na kukunjwa kwake twaijua sote. Twaitumia sana tunapotaka kumpiga mtoto, hatuikumbuki tunapopanga ratiba.

Sasa na tuseme habari za kufuma, maana kati ya kazi zote zimfaazo mtoto mdogo twaona hii ni ya mbele. Tunaposema kufuma hapa maana yetu ni kufuma kwa sindano mbili, kama watu wafumavyo sweta na soksi, si kule kwa sindano moja yenye ndoana ambako akina mama wetu hutengenezea vitambaa vya viti, ingawa huko nako ni kuzuri. Kitambaa kilichofumwa kwa sindano mbili si kitu ila uzi mmoja mrefu uliovutwa kitanzi ndani ya kitanzi. Mtoto aingiza sindano ya kulia katika kitanzi kilicho juu ya sindano ya kushoto, azungusha uzi, auvuta upitie, kisha akiachilia kitanzi cha zamani. Mambo manne tu, na mtoto wa miaka sita ayaweza. Lakini ayafanye mara ishirini apate safu moja, na safu arobaini apate kipande cha kiganja. Hapo ndipo shule inapoanza.

Mwambie mtoto atie vitanzi ishirini. Afume safu kumi, kisha mwambie, "Hesabu." Atahesabu: ishirini na vitatu. Hakuna mwalimu ye yote aliyempa hesabu ile, wala haikuandikwa ubaoni, naye ataitaka kuijua kuliko hesabu zote alizowahi kupewa: vitatu hivi vimetoka wapi? Ataigeuza kazi yake, atauona upande mmoja umepanuka kama mdomo wa kikapu, na akitazama sana atakuta mahali alipochoma sindano katikati ya uzi badala ya ndani ya kitanzi, akakifanya kimoja kuwa viwili. Siku nyingine atahesabu kumi na tisa, na chini ya kazi yake pana tundu ambalo lashuka safu kwa safu kama panya katika kihenge. Kosa hilo halikuonyeshwa na kalamu nyekundu. Uzi wenyewe umesema, nao hausemi kwa sababu ya chuki wala upendeleo.

Tena kosa la uzi halina hasara. Mtoto akiharibu ukurasa wa daftari, ukurasa umeharibika, na baba atauliza kwa nini daftari limekwisha. Akiharibu kitambaa alichokifuma, auvuta uzi, auzungusha tena katika donge, na uzi ni ule ule. Twajua watoto waliokuwa wakitetemeka kila walipoitwa ubaoni, ambao walifumua na kufuma tena mara tano pasipo chozi. Hatujui somo jingine la darasa la kwanza limpalo mtoto mwoga nafasi ya kukosa mara tano.

Wala mkono haujitengi na herufi. Bibi Maria Montessori, mganga wa Kiitalia aliyefungua nyumba yake ya watoto mjini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za kupapasa kwa vidole kabla ya kuwapa kalamu. Mwalimu wa darasa la kwanza ye yote wa Ugogo amewaona watoto washikao penseli kama mchi, wakiikandamiza mpaka karatasi yatoboka. Twawasumbua kwa herufi "a" miezi mitatu, hali shida yao si herufi. Ni vidole ambavyo havijapata kazi ndogo. Watoto wa nyumba ambamo bibi huwaita wamsaidie kutunga shanga hawashiki penseli hivyo. Mtu asitutake hesabu za wataalamu juu ya neno hili. Na aende darasani akatazame.

Huko mbali wamelijua jambo hili zamani. Ufini, nchi ya baridi na misitu, iliyaweka masomo ya kazi za mikono kuwa ya lazima katika shule za watu wote mwaka 1866, na mpaka leo yamo katika ratiba ya kila mtoto; wala hatusikii mtu akisema ya kuwa Wafini wamebaki nyuma katika elimu. Mjini Stuttgart, Ujerumani, mwaka 1919 ilifunguliwa shule kwa ajili ya watoto wa wafanya kazi wa kiwanda cha sigara cha Waldorf-Astoria, chini ya Rudolf Steiner, na humo wavulana kwa wasichana walifundishwa kufuma tangu mwanzo. Mafundisho mengine ya bwana yule hatuyafuati, wala hatumwombi msomaji ayafuate. Lakini kwa habari ya sindano twasema aliona vema. Mashule ya namna hiyo yako hata karibu yetu, kama ile ya Mbagathi huko Nairobi. Hao ni watoto ambao wazazi wao walipa karo ili wafundishwe kufuma, na sisi tunaopewa bure twaona haya.

"Lakini sufu ni ghali," watasema. Ni kweli, sufu mpya ni ghali. Nani aliyetuambia tuanze na sufu mpya? Nchi yetu hii ya uwanda wa kati wengi huiita kavu na maskini, lakini imejaa nyuzi kwa mwenye macho. Mbuyu una nyuzi katika gome lake. Babu zetu walisokota kamba zake na kufungia ng'ombe. Mkonge umesimama katika nyua kadha wa kadha. Basi mwezi wa kwanza watoto wasokote kamba, wakisugua nyuzi juu ya paja kama wazee wafanyavyo. Mwezi wa pili wafume kwa vidole tu, pasipo sindano, mnyororo mrefu wa vitanzi. Mtoto mmoja tuliyemfundisha aliufuma mnyororo wa namna hiyo ukazunguka darasa zima, naye alijua kwa hatua ni mrefu kiasi gani. Mwezi wa tatu watengeneze sindano zao wenyewe: vijiti viwili vya mkole vilivyonyoka, vimenywe gome, vichongwe ncha na mwalimu, kisha mtoto avisugue kwa kigae mpaka vilainike. Wengine hutumia spoku za baiskeli kuukuu. Ni nzuri pia, ila ncha zake zisuguliwe sana, zisidhuru macho. Na uzi je? Nendeni mnadani, penye marundo ya mitumba. Sweta lililotoboka kiwiko, ambalo hakuna anayelitaka, huuzwa kwa fedha kidogo. Likifumuliwa, uzi wake ukaloweshwa na kunyoshwa kwa jiwe, latosha watoto wengi. Na watoto wakilifumua wenyewe, wameona kwa macho yao namna sweta lilivyoundwa, kama mtu abomoaye tembe ajuavyo namna ya kuijenga.

Tena Mungu ametupa majira yanayofaa. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na baada ya mavuno kazi za shamba hupungua miezi mingi. Mwezi wa Juni na wa Julai asubuhi za Dodoma ni za baridi, watoto waja shuleni wamejikunyata, mikono imo kwapani. Hapo kofia ya kufuma haihitaji kuhubiriwa.

Sasa imetupasa kusema kosa letu sisi wenyewe, maana si haki kuwapiga wengine na kujificha. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule moja ya kijiji cha Ugogo ambako tulikuwa tukifundisha, tulianza kufundisha kufuma darasa la pili. Ilikwenda vema, nasi tukaona fahari. Kwa fahari hiyo tukatangaza kwamba siku ya wazazi yatakuwapo maonyesho, na kitambaa kizuri kupita vyote kitapata zawadi. Tukawaruhusu watoto wachukue kazi zao nyumbani ili wazimalize.

Siku ikafika. Vitambaa vikapangwa juu ya meza, na kimoja kilikuwa kizuri mno: safu zimenyoka, kingo sawasawa, na ua katikati. Kilikuwa cha msichana mmoja mdogo, mtulivu. Karibu nacho palikuwa na kipande cha mvulana, kimepinda, chembamba chini na kipana juu, chenye matundu mawili. Tukampa msichana zawadi mbele ya wazazi wote, watu wakapiga vigelegele. Juma lililofuata, tukitaka kumheshimu, tukamwita mbele ya darasa awaonyeshe wenzake jinsi lile ua lilivyofumwa. Akasimama. Akazishika sindano, na kwa namna alivyozishika tukajua mara moja. Hakusema neno. Machozi yalimtoka, akatwambia kwa sauti ndogo kwamba ni shangazi yake aliyekifuma, na kipande chake yeye kiko nyumbani chini ya kitanda.

Ndugu wasomaji, ni nani aliyemwaibisha mtoto yule? Si shangazi, ambaye alimpenda na kutaka apate zawadi. Ni sisi. Sisi tuliotangaza zawadi kwa ajili ya uzuri wa kitu, hali tulikuwa hatufundishi vitu, twafundisha watoto. Tulitazama meza, hatukutazama mikono. Tukamwomba siku ya pili yake alete kile kilichokuwa chini ya kitanda. Kilikuwa na vitanzi ishirini na vitano juu, ishirini chini. Kilikuwa kizuri sana kwa mtoto wa miaka minane, naye alikuwa amekificha kwa sababu yetu.

Tangu siku hiyo hatujatoa zawadi, na kazi haitoki nje ya darasa mpaka imekwisha. Kila kitambaa huandikwa jina na tarehe ya kuanza, na huhifadhiwa katika gunia juu ya kabati. Baadhi ya wazazi walinung'unika, wakisema hawaoni kitu cha kupeleka nyumbani. Tuliwakaribisha waje darasani waone watoto wakifuma. Walikuja wachache, na mmoja wao, bibi mzee asiyejua kusoma, aliketi kati ya watoto akawaonyesha namna ya kushika uzi kwa kidole cha shahada ili usilegee, jambo ambalo sisi wenye vyeti tulikuwa hatulijui.

Ziko hoja nyingine mbili tunazozisikia kila mara. Ya kwanza ni ya wavulana. Baba hukunja uso: mwanangu wa kiume afume kama mwanamke? Baba huyo twamwomba atazame barazani pa maduka ya Dodoma. Walioketi nyuma ya cherehani, wakishona magauni ya wake zetu na sare za watoto wetu, wengi wao ni wanaume, na hakuna anayewacheka, twawaita mafundi. Kule pwani, nyavu hufumwa na kutengenezwa na wavuvi wanaume. Huko Ulaya katika karne ya 16 kufuma soksi na kofia kulikuwa kazi ya mafundi wanaume wenye vyama vyao. Na wachungaji wa nchi ya Landes, kusini magharibi mwa Ufaransa, waliochunga kondoo juu ya magongo marefu kwa sababu ya maji na matope, walikuwa wakifuma huku macho yako kwa kondoo. Sisi Wagogo ni watu wa mifugo. Mvulana wetu akaa na mbuzi tangu asubuhi hata jioni. Kumpa sindano mbili mfukoni si kumgeuza mwanamke. Na asomaye Maandiko ajua kwamba Paulo alikuwa mshona hema, naye hakuona haya kulitaja jambo hilo la kufanya kazi kwa mikono yake.

Hata hivyo twakiri kwamba katika habari hii waalimu ndio waliokosa zaidi ya akina baba. Maana ni waalimu waliogawa, wasichana wabaki ndani na uzi, wavulana watoke nje na mpira. Mtoto hakuzaliwa na ugawanyaji huo. Tulipowaketisha pamoja, juma la kwanza wavulana walicheka, juma la pili waligombea sindano ndefu, na juma la tatu hakuna aliyekumbuka.

Hoja ya pili ni nzito, nasi hatuna jibu lake zima. Ni wingi wa watoto na mtihani. Mwalimu mmoja awezaje kuwatazama watoto themanini, kila mmoja amekwama mahali pake? Tumejaribu hivi: hatuanzi na themanini. Twaanza na kumi, wale walio karibu, mpaka wameweza kabisa. Kisha kila mmoja wa wale kumi apewa wawili. Ni kazi ya polepole, na muhula wa kwanza chumba huwa na makelele, na mwalimu mkuu huchungulia dirishani. Lakini mtoto humfundisha mwenzake kufuma kwa upesi kuliko mwalimu, kwa sababu vidole vyao ni sawa kwa ukubwa. Kwa habari ya mtihani, ni kweli mtihani wa taifa hauulizi habari za kufuma. Basi na iwe hivyo. Siku mtihani utakapouliza, ndipo vitambaa vitakapojaa sokoni pamoja na fagio. Dakika arobaini mara mbili kwa juma hazitaliangusha darasa. Twapoteza zaidi ya hizo kila Jumatatu katika kusimama mstarini.

Wala asidhani mtu kwamba twataka kumnyima riziki yule mzee mfunga fagio tuliyemtaja mwanzo. Ufagio wake ni mwema, na anunuliwe na wote wenye nyumba za kufagia. Twataka apewe zaidi. Kamati ya shule impe posho ndogo, aje asubuhi moja na majani yake mabichi, aketi chini ya mti pamoja na darasa la tatu, awaonyeshe namna ya kuchagua majani, namna ya kuyaanika yasivunjike, na fundo lile la mwisho ambalo lafanya ufagio usifumuke. Sisi hatulijui fundo lile. Katika kijiji kimoja tulichokaa, waliolijua walikuwa wazee watatu. Sasa amebaki mmoja, na wajukuu wake wote wamesoma, na wote wamepata alama nzuri za kazi ya mikono.

Shule zitakapofunguliwa mwezi wa Julai tutaanza tena na darasa la kwanza. Masweta manne ya mtumba tumekwisha kuyapata, moja jekundu, na vijana wa darasa la sita wanatukatia vijiti vya mkole. Siku zetu ni Jumanne na Alhamisi, baada ya mapumziko. Mwalimu au mzazi atakaye kuja kuona, hata kama nia yake ni kutupinga, na aje; nasi twamwomba kitu kimoja tu, aje na vijiti vyake viwili, maana vya watoto havitoshi.